Jiwe Lililooza

Babu yangu alikuwa na mtihani wake wa mawe. Alichukua jiwe, akalitumbukiza kwenye kopo la maji, akaniambia, "Subiri, mjukuu wangu." Jiwe la mtoni lilikaa vilevile. Lile alilolibandua kwenye kilima lilitoa mapovu, likapasuka, na kabla chai yetu haijapoa likawa tope.

"Hili ndilo tulilojengea reli," alisema.

Alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufikisha shaba yake baharini. China ikakopesha fedha bila riba, na kati ya 1970 na 1975 Watanzania, Wazambia na Wachina wakaijenga. Shuleni nilifundishwa habari za urafiki na ukombozi. Habari za udongo nilizipata kwa babu.

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero. Miamba ya milima ile ni ya kale mno, na mvua na joto vimeila. Kwa macho bado ni mwamba, hata unaitaka sururu. Ndani, sehemu kubwa imegeuka mfinyanzi. Ukiujaza kwenye tuta ukiwa mabonge, unaacha matundu. Maji yakiingia, mabonge yanalainika, tuta linatitia, reli inapinda.

Dawa yake ni kuuvunja wewe kabla maji hayajauvunja: kuusaga, kuutandaza tabaka jembamba, kuushindilia, kisha tabaka jingine. Mwaka 1933 mhandisi Mmarekani, Ralph Proctor, alionyesha kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo hushikamana kuliko wakati wowote. Babu hakuwahi kumsikia. Yeye alifinyanga donge kiganjani. Likimomonyoka, ongeza maji. Likilowesha mkono, ngoja jua. Likishikana, pitisha rola.

Siku hizi wahandisi huchanganya pia chokaa. Hukausha udongo, kisha kwa wiki na miezi huungana na mfinyanzi na kuwa kitu kinachokaribia saruji. Nilicheka nilipoisoma. Watu wa pwani walichoma matumbawe kupata chokaa karne nyingi zilizopita, na kuta za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani bado zinaishuhudia.

Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto. Babu alizikwa kijijini, na jina lake halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Mwaka uliofuata nilipanda treni kwenda Makambako. Wenzangu walikimbilia dirishani kupiga picha mahandaki na madaraja. Mimi nilitazama chini, kwenye tuta lililoota nyasi na mtaro uliopita kando yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji yalikuwa yanatiririka mtaroni, na treni ikapita.