Risasi ya kujazwa nyumbani inapokataa kuingia

Huko Marekani, wawindaji wengi huokota maganda yao ya risasi na kuyajaza upya nyumbani. Ndugu zetu walioko huko na wanaowinda kulungu huniuliza: mbona risasi niliyoijaza inakwama, komeo la bunduki halifungi? Kwanza, usililazimishe.

Chukua risasi ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952. Ganda lake lisizidi milimita 51.18. Kila likifyatuliwa na kurudishwa umbo kwenye kalibu hurefuka kidogo. Likipita kipimo, mdomo wake husongwa mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi. Ukifyatua hivyo, kichwa hakiachiliwi upesi, shinikizo la gesi hupanda mno, na uso wako uko karibu na komeo. Ndiyo maana mimi huanza na urefu kabla ya lolote.

Urefu ukiwa sawa, tengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki, ipake wino mweusi, iingize taratibu, kisha itoe. Wino ukikwaruzika begani, mara nyingi kalibu haikushushwa vya kutosha, na tofauti yaweza kuwa unene wa unywele tu, macho hayaioni. Au ulikaza mdomo kupita kiasi, bega likafura. Alama zikiwa kwenye kichwa chenyewe, kimekaa nje mno, kinagusa mifereji ya mtutu.

Zilizokwisha jazwa zikakataa, mimi huzing'oa vichwa kwa chombo chake na kuanza upya.