Kutoka Begani hadi Kwenye Keria: Baskeli katika Njia za Bugarama

Frasila mbili ndizo zilizokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi katika karne ya 19: ratili 70, begani au kichwani, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Watu wa visiwani waliijua kazi hiyo kwa mwisho wake tu, yaani pembe zilizoshushwa Forodhani na majora ya merikani yaliyopakiwa kurudi bara. Walimjua pia Mnyamwezi aliyevuka bahari kuja kuchuma karafuu, wengine wakalowea Unguja na Pemba na kuacha vizazi. Lakini njia yenyewe, ile iliyokanyagwa na nyayo za watu wale huko kwao, haikupata mtunzi wa kuisifu wala mwandishi wa kuitunzia kumbukumbu. Njia hiyo ingaliko. Anayeimiliki leo ni mwendesha baskeli.

Bugarama ipo katika nchi ya Msalala, kaskazini ya Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, karibu na mpaka wa Geita. Hapo ndipo Usukuma, Usumbwa na Uzinza zinapokaribiana. Mtu aliyezoea Gedi au Kilwa, akitarajia kuta za matumbawe na mihirabu iliyopasuka, ataona kwamba hapana kitu. Nyumba za miti na udongo haziachi magofu. Kinachobakia ni mstari wa minyaa uliokuwa ua wa boma la mtu, mti mkubwa ulioachwa peke yake shambani, au mahali ambapo wazee husema palikuwa na ikulu. Neno hilo la mwisho lina mengi ndani yake. Kabla ya kuwa jina la nyumba ya rais, ikulu ilikuwa makao ya mtemi katika nchi hizi za Unyamwezi na Usukuma. Utemi uliondolewa na serikali mara tu baada ya uhuru, lakini neno lake likateremka mpaka pwani likakaa ufukweni.

Mnamo Julai 1858, John Hanning Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora, akaelekea kaskazini akiongozana na Sidi Mubarak Bombay na askari wa Kibaluchi. Tarehe 3 Agosti alifika kwenye ziwa lililokuja kuitwa Victoria. Vitabu vingi husema kwamba aligundua ziwa. Ni sawa zaidi kusema kwamba alifuata njia. Watu wa Msalala walikuwa wakienda ziwani, na Pwani, na mbali zaidi, kabla yake. Wasumbwa walikuwa wamekwisha kufika Katanga kwa biashara ya shaba, na mmoja wao, Msiri, akajijengea huko dola iliyodumu mpaka Wabelgiji walipomuua mnamo 1891. Kaskazini, katika nchi ya Geita, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe. Nani, basi, aliyekuwa mgeni katika njia hizo?

Upagazi ulikufa polepole, kisha ukafa ghafla. Reli ya kati ilifika Tabora mnamo 1912, na tawi lake la kwenda Mwanza, linalopita Shinyanga, likafunguliwa mnamo 1928. Vijana ambao baba zao walikwenda Pwani kwa miguu sasa walikuwa na stesheni. Lakini garimoshi halifiki shambani. Baina ya stesheni na uga wa nyumba palibaki mwendo wa siku nzima, na pengo hilo ndilo lililozibwa na baskeli, iliyotoka Uingereza kwa meli na kuuzwa bara katika maduka ya Wahindi.

Ardhi yenyewe iliisaidia na kuihini. Wasukuma wana majina yao ya udongo. Luseni ni mchanga mwepesi wa juu ya vilima, ambamo gurudumu huzama lakini hupita. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni. Kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kumeza gurudumu la mbele, na mvua zinapokuja hunata na kujisokota baina ya taili na madigadi mpaka baskeli ikataa hata kusukumwa. Ndiyo maana baskeli nyingi za huko hazina madigadi: anayejua nchi yake huyang'oa mapema, na msimu wa mvua hujikuta akiibeba baskeli begani, kama babu yake alivyobeba pembe.

Palikuwa pia na mbung'o. Misitu ya miombo ya Kahama na Geita ilikuwa makao yake, na maradhi ya malale yalizuka Maswa mnamo 1922. Serikali ya Kiingereza ilikusanya nguvu za watu, kwa amri za watemi, kufyeka misitu ya Shinyanga, na kituo cha utafiti wa mbung'o kikawekwa huko chini ya C. F. M. Swynnerton. Mdudu huyu ana tabia ya kuandama kitu kinachokwenda, awe ng'ombe, gari au mpanda baskeli. Kwa sababu hiyo katika njia za Tanganyika viliwekwa vizuizi, na msafiri alisimamishwa ili yeye na chombo chake wakaguliwe, na mbung'o waliojishikiza mgongoni wanaswe kwa wavu. Ni nadra katika historia ya usafiri kumwona mtu akizuiwa njiani, si kwa sababu ya mzigo wake wala cheti chake, bali kwa sababu ya nzi aliyempandia bila nauli.

Iliyoifanya baskeli kuwa mali ya watu wengi ni pamba. Katika miaka ya 1950 kilimo chake kilipanuka sana Usukuma, na wakulima, wakichoka kupunjwa mizani na wanunuzi, walijiundia vyama vyao. Paul Bomani alikuwa mbele katika kazi hiyo, na mnamo 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa Afrika. Pamba ilipouzwa, fedha ziligawanyika katika njia tatu: ng'ombe, bati na Raleigh. Ng'ombe walikuwa heshima ya zamani na bati heshima mpya. Raleigh ilikuwa kitu cha namna nyingine, kwani ilimpa kijana uwezo wa kwenda mahali na kurudi siku ile ile bila ya kumwomba mtu.

Watawala hawakuipima nguvu hiyo vilivyo. Tangu 1954 hadi 1958 matawi ya TANU yalinyimwa usajili katika jimbo la Ziwa, wakidhani kwamba chama kisichokuwa na ofisi hakitakuwa na sauti. Lakini ushirika ulikuwa na vituo vya kununulia pamba kila upande, na habari zilikwenda kutoka kituo hadi kituo kwa miguu na kwa magurudumu. Mnamo 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilolazimishwa, wakakusanyika na kufunga safari mpaka Mwanza kudai haki yao. Serikali ikalegea. Historia ya uhuru hupenda kutaja mikutano ya Dar es Salaam. Pengine ingefaa iandikwe upya kuanzia kwenye njia hizi za mchanga.

Vijiji navyo vina tarehe zao. Mgeni apitaye leo akaona nyumba zimepangika kando ya barabara asidhani kuwa ndivyo walivyokaa wahenga. Wasukuma walikaa mbalimbali, kila mji katikati ya mashamba yake, mpaka Operesheni Vijiji ya 1974 ilipowakusanya. Shamba la zamani likabaki mbali na nyumba mpya, na aliyekuwa akitoka mlangoni na jembe mkononi sasa alihitaji chombo cha kumfikisha kazini. Raleigh ilianza kutoweka, ikaja Phoenix ya Uchina, zikaja Hero na Avon za India. Gunia la mahindi la kilo 100 likafungwa kwa mpira kwenye keria, zaidi ya frasila sita, mara tatu ya mzigo wa mpagazi.

Kisha ikaja dhahabu, au tuseme ilirudi, maana Geita ilikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Bulyanhulu, jirani na Bugarama, wachimbaji wadogo walimiminika kwa maelfu. Baskeli zikawabebea maji, unga na mawe ya kusagwa. Mnamo Agosti 1996 wachimbaji hao waliondolewa, kwa namna iliyozua lawama na mabishano ya miaka mingi, na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafunguliwa mnamo 2001. Kampuni zilibadilisha majina, serikali ikaja kupata hisa. Uzio ulibaki. Palipowekwa uzio, njia ya zamani huzunguka, na mzunguko wa kilomita chache si kitu kwa mwenye gari. Kwa mwenye gunia kwenye keria ni saa nzima ya jua.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 bodaboda zimechukua abiria, na kijana wa leo haoti Phoenix. Baskeli imeteremka daraja: imeachiwa madumu ya maji, mkaa, na mzee aendaye gulioni. Hata hivyo Shinyanga inatajwa bado kuwa nchi ya baskeli, na wako wageni wanaokuja sasa kuzipanda kwa starehe, wakisifu ukimya wa vichochoro baina ya Segese, Lunguya na Bugarama. Ukimya huo wanausikia vizuri zaidi mchana, watu wakiwa mashambani. Alfajiri hali ni nyingine: minyororo mikavu hulia, madumu matupu hugongana, na mtu hupiga kengele gizani kumwomba aliye mbele ampishe.