Pangani: Mji wa Mtoni na Kumbukumbu Zake

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro, Meru na Usambara na kuyafikisha katika Bahari ya Hindi. Palipo mdomo wa mto, kwenye ukingo wa kaskazini, umejengwa mji wenye jina lilo hilo. Ni mji mdogo. Mgeni aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja, pasipo kuongozwa na mtu. Lakini yampasa ajue apitapo ni wapi, kwa maana historia ya Kanisa katika milima iliyo juu ya mto huu haiwezi kusimuliwa kikamilifu bila mji huu wa pwani.

Matembezi yaanzie ukingoni mwa mto. Hapa misafara iliteremsha pembe za ndovu kutoka bara, na hapa wanadamu walipakiwa majahazini kama bidhaa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe haukukoma. Mashamba ya miwa yaliyokuwa kando ya mto yaliendelea kulimwa na watumwa, na sukari yake ikawatajirisha wenye mashamba.

Kutoka mtoni mgeni hufika kwenye Boma, jengo la kale lenye kuta nene ambalo tawala mbalimbali zimelitumia. Akisimama hapo, akumbuke Agosti 1888. Sultani Khalifa alikuwa amekubali, kwa mkataba wa mwaka huo, kwamba kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa na Carl Peters isimamie pwani kwa jina lake. Mwakilishi wa kampuni hapa Pangani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, hakutosheka na bendera ya Sultani, akapandisha na ya kampuni. Masimulizi ya wakati ule yaeleza kwamba askari wa Kijerumani waliingia msikitini bila heshima, wakiwa na mbwa. Watu wa mji wakakasirika, wakawazingira maofisa wa kampuni, hata ikabidi jemadari wa Sultani, Lloyd Mathews, aje kuwaokoa.

Kiongozi wa upinzani uliofuata alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Haifai kumfanya kuwa malaika: yeye naye alitumikisha watumwa. Wala haifai kusahau kwamba wengi waliomfuata walitetea heshima ya mji wao. Vita vilienea pwani yote. Januari 1889 kituo cha Wabenedikto cha Pugu kilishambuliwa, na wamisionari wakauawa. Julai mwaka huo majeshi ya Hermann von Wissmann yaliitwaa Pangani, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa katika mji huu. Hemedi bin Abdallah el-Buhry aliviandika vita hivyo katika utenzi, nasi watu wa pwani wakabaki na masimulizi yao wenyewe, si ya mshindi peke yake.

Mkristo wa Kilutheri akifika hapa hana budi kusimama kidogo. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg, alikuwa amefika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, bila jeshi wala bendera. Waliomfuata walikuja katika hali nyingine. Chama cha misheni ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Betheli kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na Carl Peters yule yule alikuwamo katika kuanzishwa kwake. Mwaka 1891, muda usiotimia miaka miwili tangu Abushiri kunyongwa, wamisionari wa chama hicho walianza kazi Mlalo. Walikuja kufundisha, kuuguza na kuhubiri, lakini njia waliyoipita ilikuwa imefunguliwa kwa mizinga.

Mgeni akiendelea katika mitaa ya maduka ya zamani, ataona milango iliyonakshiwa na nyumba ambazo nyingine zimechakaa. Sababu yake ni rahisi. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na biashara ya bara ikaifuata reli. Ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, kuna barua nyingine ya historia. Huko kusini, katika shamba la Kikogwe, ndiko Richard Hindorf alikopanda miche 62 ya mkonge, iliyosalia kati ya elfu moja aliyoiagiza kutoka Florida. Kutoka miche hiyo lilitokea zao lililobadili maisha ya mkoa mzima, pamoja na jasho la vibarua wengi.

Mwisho wa matembezi ni pale pale ukingoni. Maji yanayopita hapo yametoka katika milima ambayo sharika zake husherehekea miaka mia moja na zaidi ya Injili. Shukrani hiyo ni ya haki. Lakini shukrani iliyo kamili hutaja pia watumwa wasiojulikana majina, msikiti uliovunjiwa heshima, na wamisionari waliouawa. Neno la Mungu halikuhitaji bendera ili lizae matunda. Walioliamini na kulichukua kijiji hadi kijiji walikuwa wenyeji wenyewe, na kwa kazi yao Kanisa limesimama hata baada ya bendera zote kushushwa.