Chukudu ya Goma: gari lililochongwa kwa patasi

Tatizo la gurudumu la mbao ni kwamba mti haunyauki sawasawa. Ubao ukikauka hupungua upana, ila urefu wake karibu haubadiliki. Gurudumu lililochongwa mviringo safi kutoka ubao mbichi huishia kuwa na umbo la yai. Mkaratusi ni mkaidi zaidi, kwani haukawii kupasuka na kujipinda. Ndio huohuo mafundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaouchonga kutengeneza chukudu.

Asiyewahi kuiona afikirie ubao mzito wa mita mbili hivi, magurudumu mawili madogo, na usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Haina injini, pedali wala mnyororo. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao, mara nyingi palipopigiliwa kipande cha kandambili, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Hivyo ndivyo mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa (wenyewe husema makala) yanavyofika sokoni.

Wengi huanzia simulizi yake miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire. Mwaka 1973 Rais Mobutu aliamuru mashamba na biashara za wageni zitwaliwe na kupewa Wazaire. Mwaka uliofuata bei ya shaba, tegemeo la mapato ya nchi, ikaanza kuporomoka. Vipuri na mafuta vikaadimika, barabara zikaachwa zife. Mkulima wa Kivu Kaskazini alibaki na mavuno, milima na miti. Usafiri ukabidi utoke kwenye miti hiyo.

Wageni hupenda kuilinganisha na mashine ya mbao ya Karl Drais, aliyoiendesha Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817. Zinafanana kweli, ila ile ya Drais ilitengenezwa ibebe mtu. Chukudu ilizaliwa kwa ajili ya gunia, na ndiyo maana kila kiungo chake ni kinene.

Vifaa ni panga, shoka, msumeno, patasi na nyundo. Penye kazi hasa ni kitovu cha gurudumu. Tundu likizidi kidogo tu, beringi inacheza na gurudumu linayumba. Likibana mno, mbao inapasuka mzigo ukipanda. Fundi huchonga kiasi, hujaribisha, huchonga tena, jicho na kidole ndio vipimo vyake. Mwisho huvisha ukanda wa tairi kuukuu na kuupigilia misumari. Picha nyingi za kigeni huionyesha chukudu kama alama ya umaskini. Nakataa. Huo ni uhandisi, na umefanywa na watu wanaoujua mti.

Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo iliyo jirani ilimwaga lava iliyopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Goma ikajengwa upya juu ya mwamba huo mweusi, kwa mawe na mbao, na chukudu zikaendelea kusomba. Mwaka 2009 mji ukasimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake.

Sanamu ni heshima inayostahili. Lakini mgeni wangu ningempeleka kwanza kwenye mteremko wa kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, asubuhi, chukudu zikishuka na viazi. Breki ni kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu, mteremko baada ya mteremko, mpaka mjini.