Risasi Hizi Zinaingia Bunduki Hii?

Picha ilifika kwa simu kabla ya mwili kufika mochari. Juu ya gunia, bastola ya kujitengenezea na risasi mbili. Chini yake, sentensi moja: kijana alipatikana na silaha. Kijana mwenyewe alikuwa wa plot yetu hapa Mukuru kwa Reuben, chumba cha tatu kutoka kwa mfereji. Mama yake hakulia mbele yetu siku hiyo. Alinipa simu akaniuliza, “Wewe ndiye umesoma. Hizi risasi zinaingia kwa hii bunduki kweli?”

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea historia, na bunduki nimezijua kwa karatasi tu. Lakini swali lake halikuniacha, kwa sababu ni swali ambalo nchi hii iliwahi kunyongea watu bila kuliuliza.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Waliokimbilia Nyandarua na Mlima Kenya waliingia msituni na simi na mapanga, na bunduki chache sana. Ndipo mafundi wakaingia kazini. Bunduki zao, ambazo baadhi bado zimehifadhiwa kwenye makumbusho, zilikuwa za bomba la maji, mbao, komeo la mlango, na mpira wa tube ya baiskeli mahali pa springi. Unavuta komeo, unaliachilia, linagonga kitako cha risasi. Ukitaka kupiga tena, unaanza upya. Wazo si geni: zile bastola za silinda za Wamarekani, kama Colt ya 1873, nazo zilitaka uvute nyundo kwa kidole gumba kila mara, triga ikibaki na kazi moja ya kuiachilia. Tofauti ni kwamba Colt ilitoka kiwandani na chuma kilichopimwa. Bomba lilikuwa limetengenezwa kubeba maji, halijui presha ya baruti. Mara nyingine lilipasuka mkononi mwa mwenyewe.

Watu husema mtu huchagua risasi ya bunduki yake. Msituni ilikuwa kinyume: risasi ndiyo iliyomchagulia fundi bunduki. Iliyopatikana sana ilikuwa .303, ya rifle za Lee-Enfield za wanajeshi na polisi, kwa hivyo bunduki nyingi za bomba zikatengenezwa kuifuata. Ina ukingo kwenye kitako, kama risasi za bastola za silinda, na ukingo huo huizuia isitumbukie ndani ya mtutu. Lakini ni risasi ya rifle, ina nguvu nyingi. Yaani iliyokuwa rahisi kupata ndiyo iliyokuwa hatari zaidi kwa anayeifyatua.

Na zilitoka wapi? Nyingine zilitekwa, kama usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua wafungwa na kuondoka na silaha. Nyingine zilitoka hapa Nairobi, moja moja, mbili mbili, zikinunuliwa kwa askari au kuibwa, kisha zikapitishwa mikononi mwa wanawake. Wambui Otieno ameandika juu ya kazi yake ya upelelezi na ya kutafuta silaha mjini. Serikali ilijua mji ndio ghala, na tarehe 24 Aprili 1954 ikauzingira kwa Operesheni Anvil, ikabeba maelfu ya watu kwa malori hadi kambini.

Mchanganyiko huo wa silaha ulikuwa na shida yake. Hata namba haikuhakikishi kitu. Bastola ya Webley ya Waingereza huitwa .38, na kuna risasi ya Kimarekani inayoitwa .38 Special. Jina linafanana, lakini ya Kimarekani ni ndefu zaidi na nyembamba kidogo. Haikutengenezewa silinda ya Webley. Mtu anaweza kuwa na bastola nzuri na mfuko umejaa, na bado asiwe na silaha.

Halafu kuna kutu, jambo ambalo filamu huliruka. Fataki za risasi nyingi za kijeshi za enzi hiyo ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu hula chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi. Askari wa Uingereza alifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya mtutu baada ya kufyatua, kuukausha kwa kitambaa, ndipo apake mafuta. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa KAR vitani Burma. Wanajeshi kama yeye walijua hayo. Sasa ebu fikiria kufanya hivyo Nyandarua, mvua haikatiki, na ukiwasha moto moshi wako unaonekana kutoka kwa ndege.

Huyo huyo China, alipokamatwa Januari 1954, moja ya mashtaka yake lilikuwa kupatikana na risasi. Akahukumiwa kifo, ingawa baadaye aliponea. Sheria za hali ya hatari zilifanya kumiliki risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Ungekuwa na risasi hata kama huna bunduki. Waliopelekwa kitanzini kwa makosa ya Mau Mau walikuwa 1,090, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu.

Dedan Kimathi naye. Pale Kimathi Street sanamu yake imeshika bunduki ndefu. Lakini shtaka la Nyeri, Novemba 1956, lilikuwa bastola ya Webley ya .38 na risasi sita. Alisema alikuwa njiani kujisalimisha. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ilikuwa korti ya mkoloni, na sina la kuisifia. Ila zile risasi zilihesabiwa, zikaandikwa, na leo naweza kuisoma kesi yenyewe.

Nilipeleka simu kwa fundi wa kuchomelea karibu na ukuta wa Industrial Area, mzee ambaye amekata mabomba miaka yote. Hakutaka hata kuishika mwanzoni. Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili.

“Angalia hapa mdomoni,” akasema. Kutu ilikuwa imefunga tundu karibu nusu. “Na hizi mbili hazilingani. Hii nene, hii nyembamba. Bomba ni moja.”

Nilirudi nikamweleza mama ya kijana vile alivyosema, bila kuongeza. Alichukua simu, akaangalia muda mrefu.

“Sasa hiyo,” akaniuliza, “nitaiambia nani?”

Nikamwambia tuanze kwa kuandika tarehe.