Mabaraza ya Miji na Maradhi ya Kipindupindu

Serikali ya Tanzania ilipozivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, na baada ya muda si mrefu mabaraza ya miji nayo, kwa nia njema ya kupeleka madaraka mikoani, ni wachache waliotambua ya kuwa pamoja na madiwani iliondoka pia mamlaka iliyokuwa ikiwajibika kwa raia juu ya taka, mitaro na maji machafu ya mji wao. Huduma za miji zikazorota. Na kipindupindu, kilichozuka nchini mwaka 1974, kikarejea mwaka 1977 kwa nguvu kubwa zaidi, kikaenea mikoani. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa kwa sheria, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri ya kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Sisemi kuwa madiwani wangaliyazuia maradhi hayo yasiingie, kwani yalikuwa yamekwisha kuzunguka nusu ya dunia. Nisemalo ni kwamba kipindupindu, ingawa mgonjwa wake hutibiwa zahanati kwa maji ya chumvi na sukari, chanzo chake ki mtaani, mahali ambapo mkono wa wizara haufiki. Zingatia desturi ya kutapisha vyoo katika mitaa ya mabondeni ya Dar es Salaam: mvua ya masika ikishika, mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa, naye hana fedha za kulipia gari la kunyonya, hulitoboa usiku, uchafu ukachukuliwa na maji ya mvua hadi kwenye kisima cha jirani. Waziri hawezi kuijua nyumba hiyo. Mwenyekiti wa mtaa aijua, na bwana afya wa kata aijua; aghalabu wamekwisha mwonya mwenyewe zaidi ya mara moja, ila hawana gari la kumletea wala fungu la kumsaidia.

Huenda msomaji akauliza: mbona mwaka 2015 halmashauri zilikuwapo, na kipindupindu kikaanzia Kinondoni mwezi wa Agosti kikaenea karibu nchi nzima, hata Zanzibar? Swali hili ni la haki, na jawabu lake limo hazinani. Halmashauri ingojayo fungu kutoka serikali kuu ndipo inunue klorini ina jina la serikali bila uwezo wake. Nao ugonjwa huu, unaoweza kumuua mtu katika saa chache, haungoji hati ya malipo. Hata hivyo, mwaka 2016, maradhi yakiwa bado yanaendelea, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa mikononi mwa halmashauri ukakabidhiwa Mamlaka ya Mapato. Ibara ya 146 ya Katiba yasema kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi kodi ya nyumba za mji na irudi kwa mji, na sehemu yake itengwe kisheria kwa vyoo na mitaro kabla ya masika.