Kumhakikishia Mwenye Wasiwasi ni Kumzidishia Maradhi

Miongoni mwa Waislamu wa pwani, maradhi ya wasiwasi huonekana kwenye birika la msikiti kabla ya kufika hospitalini. Mtu huosha mkono hadi kwenye kisugudi, akashuku kwamba pamebaki pakavu, akaosha tena. Maamuma wako rakaa ya pili, naye bado yuko bombani, vidole vimesinyaa. Akijiunga nao hukwama kwenye takbira kwa kutoamini kwamba nia yake imetimia. Wako wanaomsifu kwa uchamungu na wako wanaomwombea dua dhidi ya shetani. Sina ugomvi na dua. Nadai tu kwamba anazamishwa na jambo jingine tunalomfanyia kwa huruma: kumhakikishia.

Maradhi haya huenda hivi. Shaka humwingia mtu bila kuitaka, hofu ikapanda, naye akatenda jambo la kuituliza. Hofu hushuka kwa muda mfupi, na akili yake hushika kwamba tendo lile ndilo lililomwokoa. Shaka ikirudi, humdai zaidi. Anapomuuliza mkewe, “Umeniona nikiosha mguu?” akajibiwa, “Nimekuona, baba Salma,” jibu hilo linafanya kazi ileile ya maji. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayeficha visu kwa kuogopa kumdhuru mwanawe. Wazo hilo humtisha kwa sababu anampenda mtoto, na hana dalili ya ukatili. Lakini kila kisu anachokificha humthibitishia kwamba kulikuwa na hatari.

Tiba huanzia hapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, huko London, alieleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu walipokabilishwa na walichokiogopa huku wakizuiwa kutenda matendo yao ya kujituliza. Siku hizi mgonjwa hukubaliana na mtaalamu wake, hatua kwa hatua: ashike kitasa cha mlango wa choo, asinawe, avumilie hofu mpaka ipungue yenyewe. Kwa udhu, atumie kopo moja la maji, asirudie kiungo, aende kusali na shaka yake. Dawa kama fluoxetine, sertraline na clomipramine nazo husaidia, ila mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona na wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kupimwa kama zimefaa. Anayeziacha baada ya wiki mbili hajazijaribu.

Patakuwa na atakayesema kwamba huku ni kumwamuru mtu asali bila tohara. Fikihi yenyewe inamjibu: yakini haiondolewi na shaka. Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwakanya wenye wasiwasi. Na kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwishaijadili hali hii katika kitabu cha tiba ya mwili na nafsi. Mtaalamu anayemtaka mgonjwa asirudie udhu haendi kinyume na sheria.

Kwa hiyo masheikh na jamaa wa mgonjwa nawaomba hivi: swali lake lijibuni mara moja. Akilirudia, mwambieni kwa upole kwamba mmeshamjibu, kisha fuataneni naye hadi kliniki ya afya ya akili, mkajifunze pamoja naye namna ya kutomjibu tena.